Kijiti, Kamba na Kibla ya Baba

Mliniaga kwa soda, biskuti na hotuba ndefu, vijana wangu wa upimaji, na mmoja wenu akapaza sauti toka nyuma, "Mzee Salumu, tuandikie hata kurasa mbili!" Kurasa mbili za nini, hakusema. Habari za vyeo sitaandika. Vyeo nilivyopata mnavijua, na nilivyokosa mnavijua zaidi. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifunza, na kazi moja ambayo haimo katika faili lolote la ofisi, maana niliifanya mtaani kwetu Temeke, bila kutumwa na mkubwa yeyote.

Nilianza muda si mrefu baada ya Uhuru, kijana wa miaka ishirini, kazi yangu kubeba mnyororo. Ninyi mna mashine inayopima na kujijibu yenyewe. Sisi tulikuwa na mnyororo wa chuma wenye pingili mia moja, ukivutwa na watu wawili kwenye nyasi, matope na miiba, na mkimaliza unaukunja na kuutundika begani. Bega langu la kulia liko chini kuliko la kushoto mpaka leo. Fundi cherehani wangu huwa analalamika.

Aliyenipokea ni Mzee Damiani, mtu wa Masasi aliyesomeshwa na misheni, mrefu, mkimya, penseli nyuma ya sikio hata akiwa kanisani. Siku ya kwanza alinipeleka Chang'ombe kwenye viwanja vya karakana, akaniambia nipime toka bikoni moja, yaani jiwe la mpaka, hadi nyingine. Nikapima, nikamletea jibu. Akaniambia nirudi nipime tena. Jibu la pili likapishana na la kwanza.

"Ipi ya kweli?" akaniuliza.

"Ya pili, mzee."

"Kwa nini?"

"Ndiyo ya mwisho."

Hakucheka. "Basi rudi kalete ya mwisho zaidi."

Nilirudi mara tano. Jioni, miguu imevimba, akaniambia neno ambalo nimewarudia ninyi hadi mmelichoka: kipimo ulichokipenda ndicho cha kwanza kukishuku. Nilidhani ananitesa kwa ugeni wangu. Kumbe ndivyo alivyokuwa kwa kila mtu, akiwemo yeye mwenyewe.

Nilijifunza mengi miaka ile. Nilijifunza kushika timazi bila kutikisika upepo ukivuma, na kuandika kwa penseli kwa sababu wino hukimbia mvua. Nilijifunza pia kwamba bikoni haiheshimiwi na mtu asiyeijua. Mahali fulani Boko tulitafuta bikoni asubuhi nzima, mpaka bibi mmoja akatukaribisha uji jikoni kwake, na hapo ndipo tulipoiona. Ilikuwa mojawapo ya mafiga yake matatu. "Mbona limekaa vizuri hivi," alisema, "nikadhani Mungu kaniwekea." Mzee Damiani alikunywa uji, akapima kuanzia kwenye figa, akaandika katika daftari: bikoni ipo, ya moto.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe.

Baba yangu aliitwa Maalim Kondo. Alikuwa akisomesha watoto Kurani barazani kwetu na kuswalisha katika msikiti mdogo wa udongo na makuti uliopakana na ua wetu, ambao yeye na wenzake waliujenga mimi nikiwa bado mdogo. Nyuma yake palikuwa na makaburi ya watu wa mtaa. Mama yangu amelazwa hapo. Alifariki nikiwa na miaka kumi na minne. Kila Ijumaa baada ya swala baba alikuwa akipita kung'oa majani kaburini kwake, akimweleza mambo ya wiki kama alivyokuwa akimweleza jikoni.

Ilipofika miaka ile ya kujitegemea, kila mtaa ukichimba na kujenga wenyewe Jumamosi, wazee wakaamua kuujenga msikiti upya kwa matofali. Na kwa kuwa mtaa una mpimaji wake, yaani mimi, wakaniita niweke vigingi vya msingi. Nilivimba kichwa. Niliazima dira ya ofisini, na neno "niliazima" mlisome kwa huruma. Nikaja na mnyororo begani ili kila mtu aone nafanya kazi serikalini. Nikasimama mbele ya ukuta wa kibla, nikafungua kifuniko, nikatazama sindano.

Wapwani wote wanajua kwamba toka huku kwetu Maka iko kaskazini, karibu sawasawa. Sindano ikaniambia kaskazini iko kwingine kabisa. Mimi, badala ya kunyamaza na kupima tena kama nilivyofunzwa, nikasema kwa sauti mbele ya wazee saba, "Msikiti huu umepotoka sana! Mnaswali kuelekea Pugu!"

Mzee Pazi, balozi wetu wa nyumba kumi na rafiki mkubwa wa baba, akaniambia nipime tena mbele yake. Nikasogea hatua chache, nikapima. Sindano ikasema kingine. Mara ya tatu, kingine tena. Wazee wakaanza kucheka.

"Salumu," alisema Mzee Pazi, "hiyo dira yako imekula nini leo?"

Baba hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na tasbihi mkononi, akitazama chini. Nilikuwa nimemuaibisha mara mbili, kwanza kwa kusema amekosea, kisha kwa kuonekana mjinga. Nikakunja vitu vyangu nikaondoka.

Jumatatu nilimweleza Mzee Damiani yote, pamoja na habari ya kuazima. Alisikiliza akichonga penseli.

"Mnyororo ulikuwa wapi?"

"Begani, mzee."

Akaacha kuchonga. Hapo nami nikaelewa, nikatamani ardhi inimeze. Chuma huvuta sindano. Hata kijana wa wiki moja kazini anajua hilo.

"Umemwacha mzee mmoja uliyekuwa unamwamini bila kumuuliza," alisema, "ukaenda kumwamini mwingine bila kumuuliza. Huyu wa pili ana kifuniko tu." Kisha, kwa upole zaidi: "Nitakuja Jumapili nikitoka kanisani. Dira iache ofisini. Chukua kijiti na kamba."

Jumapili ile alifika mapema, kakamilika ndani ya suti yake ya kanisani. "Shikamoo, Maalim." "Marahaba, karibu." Baba alimtandikia mkeka uani. Tukasimamisha kijiti mchangani, tukakinyoosha kwa timazi, tukafunga kamba pale chini tukachora mduara kukizunguka. Namna yake ni hii, na ninyi mnaotegemea betri mwiweke akilini. Asubuhi kivuli ni kirefu, kinavuka mduara. Jua likipanda kinafupika, na ncha yake ikigusa mduara unatia alama. Mchana kinaendelea kufupika, kisha kinarefuka upande wa pili, na ncha ikigusa mduara tena unatia alama ya pili. Pata katikati ya alama mbili, vuta kamba toka pale hadi kwenye kijiti, na hiyo ndiyo kaskazini na kusini. Haihitaji shule wala chuma. Inahitaji kungoja tu.

Basi tukangoja. Baba alileta chai na mihogo ya nazi. Walikuwa wazee wawili kwenye mkeka mmoja, mwenye kofia na mwenye tai, wakitazama kivuli cha kijiti. Mwishowe baba akauliza, na nilijua swali hilo lilikuwa limemkosesha raha wiki nzima.

"Damiani, wewe mtu wa kanisa. Mungu anampenda nani zaidi, anayefuata alichoambiwa bila kuuliza, au kama huyu mwanangu anayekuja na vijiti?"

Mzee Damiani alitafuna muhogo wake mpaka ukaisha.

"Dini yako siijui, Maalim, nisije nikakudanganya. Najua ya kazini. Nimepataga vijana wa aina mbili. Mmoja nikimwambia andika sitini, anaandika sitini. Mwingine ananiambia, 'Mzee, mie nimeona hamsini na nane.' Huyu wa pili ananiudhi sana, maana mara nyingine kakosea yeye. Ila siku nikiumwa, kazi namwachia huyo."

"Na yule wa kwanza unamfukuza?"

"Hapana. Namwambia arudi akatazame mwenyewe. Nampenda vilevile, Maalim. Ndiyo maana namrudisha."

Baba alitikisa kichwa taratibu, akamwongezea chai.

Ilikuwa msimu wa kaskazi, jua liko upande wa kusini, na adhuhuri kile kivuli kifupi kililala kikielekea kibla. Alasiri tukatia alama ya pili, tukavuta kamba, tukaipeleka hadi kwenye ukuta wa msikiti. Msikiti ulikuwa umekwenda upande wa mashariki. Haukuwa umepotoka kama nilivyotangaza na mnyororo wangu, wala haukuelekea Pugu. Lakini ukitembea hatua tano mbele kuufuata, unakuwa umekwenda kando hatua mbili. Na hicho si kitu kidogo.

Baba alitazama kamba, akatazama ukuta.

"Mwalimu wangu alinifunza," alisema polepole, "jua la Magharibi liweke bega la kushoto, utakuwa umeelekea. Ndivyo nilivyofanya. Mie mwenyewe nilisimama hapa, jua likichwea, bega langu la kushoto likalielekea."

"Mwezi gani, Maalim?" aliuliza Mzee Damiani.

"Kipupwe. Mwezi wa sita. Tulikuwa tumejifunga mashuka kwa baridi."

Hapo akageuka kutazama magharibi. Sikuhitaji kumweleza, wala Mzee Damiani hakuhitaji. Baba alikuwa mtu wa uani na barazani, aliyeona jua likichwea maisha yake yote. Aliinua mkono akaonyesha. "Kipupwe linachwea kule, nyuma ya paa la kiwanda. Siku hizi linachwea huku, kwenye minazi." Mkono ukabaki hewani. "Naliona kila siku. Miaka yote hii naliona, sikuliweka pamoja na kibla hata siku moja. Niliambiwa bega la kushoto, nikashika bega la kushoto."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kipimo kilikuwa kimefunga, hakikuacha shaka, na nilikuwa nimeshinda mbele ya mwalimu wangu. Furaha hiyo haikudumu hata dakika, kwa sababu baba aligeuka akatazama nyuma ya msikiti.

"Na mama yako je?"

Makaburi yote yalikuwa yamepangwa kwa kufuata ukuta wa msikiti. Sisi humlaza maiti ubavu wa kulia, uso kibla. Baba alikuwa ameingia kaburini mwenyewe siku ile, akamlaza mama kwenye mwanandani kwa mikono yake, akamgeuza uso. Sasa alikuwa akijua alimgeuzia wapi.

Alikwenda akakaa chini pale kaburini na kanzu yake nyeupe, kwenye mchanga. Sijawahi kuumia hivyo, kabla wala baadaye. Nilimpenda baba yangu kuliko kitu chochote, na nilikuwa nimemnyang'anya kitu chake kimoja kilichobaki kwa kijiti na kamba. Nikamfuata.

"Baba, tuache. Msingi nitaufuata huu ukuta wa zamani. Hakuna atakayejua. Wazee wanakuamini."

Aliniangalia kwa ukali ambao sikuuona tangu utoto. "Ofisini unafanya hivyo?"

"Hapana."

"Viwanja vya watu unapima kweli, nyumba ya Mungu ndiyo unataka kumpimia uongo?" Kisha sauti ikashuka. "Mama yako alilala kwa kuniamini mie. La kuulizwa ni langu, si lake. Na niliyoyaswali kwa kutojua, Mwenyezi Mungu ni mwingi wa rehema, naona atayapokea, maana nilitafuta nikafika mwisho wa ujuzi wangu. Ila kesho nikisimama vilevile na hali nimeona, hapo nitakuwa nimemwambia nini? Kwamba jua lake uongo?"

Nilikaa naye pale. Mzee Damiani alibaki uani, akijifanya anakunja kamba.

Siku iliyofuata baada ya swala ya alasiri baba aliwaeleza watu yote, na hakuficha mwezi wa sita wala bega la kushoto. Kelele zikaanza. Na tazameni ajabu ya imani: waliompinga walikuwa wanamtetea yeye dhidi yake mwenyewe. Mzee Pazi alisimama machozi yakimlengalenga.

"Maalim, sie tumekufuata wewe miaka yote hii, hujatupoteza. Leo utuambie tuache mbachao kwa msala upitao? Tunakuamini wewe kuliko hicho kijiti cha watoto!"

"Ndipo penye kosa, Pazi," baba alimjibu. "Nilikosea mie peke yangu, mkakosea wote, kwa sababu hamkutazama. Msiniamini. Nendeni uani kwangu mkatazame."

Akakiacha kijiti wiki nzima. Wakaja mmojammoja, wengine wakidai wanapita tu kuomba moto. Walitia alama asubuhi wakarudi alasiri. Mzee Pazi alikuja siku tatu. Siku ya kwanza alisema kijiti kimepinda. Ya pili akaleta kijiti chake. Ya tatu akachomeka bakora yake mwenyewe, aliyorithi kwa baba yake, akakaa nayo tangu chai ya asubuhi, akila kwetu na kukataa kuzungumza nami. Alipovuta kamba mwenyewe na ikalala palepale zilipolala zetu, aliiangalia bakora muda mrefu.

"Na wewe?" aliiambia.

Ijumaa tulikuta baba amekwisha kutandika mikeka upande upande, kwa kufuata kamba, ndani ya msikiti wa zamani, pembe mbili zikibaki tupu. Mzee Pazi alisimama safu ya kwanza, nyuma yake. Ijapokuwa tulibanana, nadhani ile ndiyo swala niliyoisikia kuliko zote. Jumamosi nikaweka vigingi vya msingi, nikapima mara mbili, mnyororo ukiwa mbali. Mzee Damiani akaja akapima ya tatu. Hakunirudisha, akatia penseli nyuma ya sikio. Kwa yule bwana hiyo ilikuwa sifa.

Baada ya hapo kazi ikanichukua, Boko, Mwenge, na vijiji vya mbali nilikolala kwenye hema miezi mizima. Nilipata chombo cha lenzi, nikapata vijana wa kunibebea mnyororo, nikawatesa kama nilivyoteswa. Mzee Damiani alistaafu akarudi Masasi, akaniachia timazi yake. Ninyi mnaijua, ndiyo ile mnayowekea karatasi zisipeperuke.

Baba alifariki miaka ya foleni, maduka yakiwa matupu, hata sanda yake tuliipata kwa kubisha hodi nyumba hadi nyumba. Wiki yake ya mwisho alinishika mkono.

"Mnilaze kwa mama yako. Ila mnilaze sawasawa. Na upime mara mbili."

"Nitapima, baba."

"Yeye msimguse. Kashapumzika."

Nafasi iliyobaki ilikuwa upande wa kusini wa kaburi la mama. Nilivuta kamba toka ukuta wa msikiti wa matofali, nikaweka vigingi vinne, nikarudia, kisha nikatazama kivuli cha adhuhuri kuhakikisha. Vijana wakachimba. Walipofika kiunoni mmoja wao akasimama akafuta jasho.

"Kaka Salumu, mbona haya makaburi hayaendi pamoja? Hebu yatazame, kule yanaachana, huku yanataka kukutana."

Nilisogea nikatazama. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa hicho. La mama limekwenda upande, alivyolilaza baba kwa imani yake yote. La baba limenyooka, alivyotaka baada ya kuona. Miguuni yako mbali. Vichwani yamesogeleana, kama watu wawili wanaotaka kuambiana jambo la wiki.

Nilishuka kaburini kumpokea, nikamlaza ubavu wa kulia, nikamgeuza uso. Tulipokwisha kufukia na watu wakaondoka, nilipiga magoti nikapima kwa mkono toka kichwani kwake hadi kichwani kwa mama. Shibiri tatu. Nikapima tena.